Ni Kweli, Lakini

Mimi sina subira, na sitaki kuambiwa eti nijifunze. Nimejaribu na nimeshindwa. Nikisimama kwenye foleni ya watu watatu, miguu inaanza kuniwasha. Ndiyo maana ile Alhamisi baba yangu aliposimamishwa kizimbani Nakuru, mimi ndiye niliyekuwa nimemfundisha la kusema, na nilikuwa nimemfundisha vibaya.

Baba anaitwa Kimeli. Anaishi Subukia, upande wa juu, ana ng'ombe wawili na shamba la mahindi, na Kiswahili chake ni cha kununua chumvi na kuuliza bei ya mbolea. Nyumbani tunaongea Kitugen. Mimi nilishuka mjini zamani, nina mashine mbili za kufuma sweta za shule pale mtaani Rhonda, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Nilikuwa na sweta za kijani za darasa zima ambazo bado hazikuwa na mikono. Nilipopigiwa simu nikaambiwa mzee ameshikwa, hasira ya kwanza iliyonipanda haikuwa ya polisi, ilikuwa yake.

Kosa lenyewe lilisimuliwa hivi. Bomba la mradi wa maji wa kijiji lilipatikana limekatwa kando ya shamba letu, na Baba alipatikana hapo hapo, amepiga magoti kwenye tope, msumeno wa chuma mkononi. Aliyemkuta ni Kipkemei, jirani yetu, mwenyekiti wa mradi. Sasa, Kipkemei na Baba walikuwa hawasalimiani tangu mwaka jana kwa sababu ya mpaka wa malisho, kwa hivyo kila mtu akajijazia mwenyewe yaliyobaki. Hata mimi nilijijazia. Nilisema, huyu mzee na hasira zake, sasa amekatia kijiji kizima maji. Hasira hizo nazijua kwa sababu ndizo alizonirithisha.

Polisi walimwachilia kwa bondi, yaani dhamana, akaambiwa afike kortini Nakuru Alhamisi asubuhi. Jumatano akaja kulala kwangu. Nilimpa chai, nikamtandikia kwenye kochi, nikarudi kwenye mashine.

Mwenye kunipa akili alikuwa Abby, jirani yangu wa duka, anayeuza nywele za kusuka. Mume wake aliwahi kushikwa kwa ulevi. Alipelekwa kortini asubuhi, akasema ni kweli, akapigwa faini, na saa nane alikuwa nyumbani anakula ugali. Mwenzake waliyeshikwa naye alikataa mashtaka, na huyo, Abby akaniambia, mwaka wa pili huu bado anapewa tarehe. Korti inamhurumia anayekubali, ndivyo alivyoniambia, na akaniambia kwa ule ujuzi wake wa kila kitu. Nilimwamini kwa sababu alichosema kilinifaa. Hesabu yangu ilikuwa kwamba saa saba niwe nimerudi kwenye mikono ya sweta.

Basi asubuhi, tukiwa kwenye benchi la nje tunangoja kuitwa, nikamfundisha Baba kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia watamsomea karatasi, halafu watamuuliza ni kweli ama si kweli, na yeye ajibu ni kweli. Wakimuuliza kama anaelewa Kiswahili, akubali, kwa sababu akisema haelewi watatafuta mkalimani na tutakaa hapo mpaka jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia iko magotini.

"Na maneno yangu nitayasema saa ngapi?" akaniuliza.

"Hakuna maneno, Baba. Sema ni kweli, twende nyumbani."

Nilipaswa kuuona uso wake vile ulivyotulia, lakini nilikuwa naangalia simu. Baadaye ndipo nilipoelewa alichokuwa akifikiria. Kule kwetu juu, wazee wakikaa kusikiza jambo, aliyeitwa hukubali kwanza. Anasema ndiyo, jambo lipo, nimeitwa na nimekuja. Akishasema hivyo ndipo anapewa nafasi aeleze upande wake, hata kama ataeleza mpaka jua lizame. Anayeanza kwa kukataa anaonekana hajaheshimu kikao, na anaambiwa aende nyumbani atulie kwanza. Baba amekaa kwenye vikao hivyo tangu mimi sijazaliwa. Kwake yeye, kukubali ni kubisha hodi.

Akaitwa. Karani wa korti akamuuliza kama anaelewa Kiswahili, akasema anaelewa. Akasomewa kwamba tarehe fulani, mahali fulani Subukia, kwa makusudi na kinyume cha sheria, aliharibu bomba la maji, mali ya mradi wa jamii. Kisha akaulizwa, ni kweli ama si kweli.

"Ni kweli," akasema Baba.

Nikashusha pumzi. Hakimu, mama mmoja wa miwani, akaandika. Kiongozi wa mashtaka akasimama akaeleza kwamba picha za bomba bado ziko njiani, akaomba maelezo ya kesi yasomwe saa nane. Hakimu akakubali, akasema mzee atangoja seli mpaka saa hiyo. Karani tayari alikuwa anafungua faili lingine. Lakini Baba alikuwa bado amesimama. Alikohoa, akanyoosha koti, akashika ubao wa kizimba kwa mikono miwili kama mtu anayejiandaa kuongea kirefu. Askari akamgusa kiwiko. Baba akamgeukia, na kwa Kitugen, kwa adabu kabisa, akamwambia, "Bado sijasema."

Askari hakuelewa. Mle ndani ni mimi tu niliyeelewa. Wakampeleka chini, naye anaangalia nyuma, si kwangu, kwa hakimu.

Nilitoka nje nikazunguka. Nilienda mpaka kwenye geti, nikarudi, nikaenda tena. Sikuwa bado nimeogopa, nilikuwa nimeudhika tu na hiyo saa nane. Nikaona heri niulize faini itakuwa kiasi gani ili niitayarishe. Kwenye ukumbi kulikuwa na meza, na nyuma yake msichana wa kama miaka thelathini, amevaa kizibao cha buluu, mbele yake kibao cha jina kilichoandikwa Wachuka. Si wakili. Ni wale wasaidizi wa sheria wanaokaa hapo kueleza watu mambo ya korti bila malipo.

Nikamweleza kwa kifupi na kwa haraka. Hakujibu habari ya faini. Aliniuliza mzee amesomewa kwa lugha gani, nikamwambia Kiswahili. Akaniuliza kama mzee anakijua. Nikasema anakijua cha dukani. Akaniambia kwamba kosa hilo si kama la mume wa Abby. Kuharibu mali kwa makusudi, hakimu akiamua, kunaweza kumfunga mtu hadi miaka mitano.

Miaka mitano. Baba ana sabini na moja.

Nilimwambia Wachuka ni uongo. Nilimwambia kwa sauti, na watu wawili wakageuka. Hakukasirika. Nafikiri kila siku anapigiwa kelele na watu kama mimi. Akachukua karatasi akaandika maneno ya mashtaka kwa mkono wake, akaweka mstari chini ya "kwa makusudi" na mwingine chini ya "kinyume cha sheria". Mzee akisema ni kweli, akanieleza, hajakubali kukata bomba peke yake, amekubali yote yaliyo kwenye hii karatasi, na hii mistari miwili ndiyo kosa lenyewe. Fundi hukata bomba kila siku na hakuna anayemshtaki. Mtu anaweza kukata na asiwe na hatia.

"Kwa nini alikata?" akaniuliza.

"Kwa hasira."

"Alikuambia hivyo?"

"Ninamjua baba yangu," nikasema.

Aliniacha na hilo, akaendelea na kazi yake. Hukumu haijatolewa, akasema, kwa hivyo mlango haujafungwa. Saa nane maelezo ya kesi yatasomwa na mzee ataulizwa tena kama ni ya kweli. Hapo anaweza kueleza. Akisema ni kweli lakini, na baada ya lakini aseme jambo linaloonyesha hakuwa na nia mbaya, hakimu hawezi kuliruka. Lazima aandike kwamba amekana mashtaka, na kesi isikizwe kikamilifu. Na lugha, akasema akigonga meza kwa kidole, hiyo si fadhila ya mtu. Imeandikwa kwenye Katiba, Ibara ya hamsini, kwamba mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti apewe mkalimani bila kulipa. Angemwambia karani amtafute. Lakini yeye mwenyewe hawezi kumsemea mzee, wala mimi siwezi. Maneno lazima yatoke kwa mzee.

Nikaona ni rahisi. Nikaenda seli nikambembeleza askari wa zamu, akaniruhusu dakika chache kwenye mlango wa vyuma. Baba alikuja bila mshipi, viatu havina kamba, ameshikilia suruali kiunoni. Sijawahi kumwona hivyo na sitaki kumwona hivyo tena. Machozi yalinilenga, na mimi nikitaka kulia huwa nafoka, kwa hivyo nikafoka. Nikamwambia saa nane aseme si kweli.

"Lakini nilikata," akasema.

"Najua ulikata. Sema tu si kweli. Ama sema ni kweli lakini."

Akaniangalia. Akasema asubuhi amesema neno moja mbele ya watu, na mchana anaambiwa aseme lingine. Yule mama ni mtu mzima, si mjinga, atamuuliza ni nani aliyemfundisha la kwanza. Na hapo atajibu nini?

"Nikutaje?" akasema. "Mtoto wangu, mbele ya watu wasiotujua, niseme ndiye aliyenidanganya?"

Nikamwambia anitaje. Nikamwambia anitaje mara kumi. Akatikisa kichwa. Akasema ni maneno yake, yametoka kinywani mwake, na kama yana gharama atailipa yeye. Askari akasema dakika zimeisha. Kutoka hapo mpaka saa nane sijui nilifanya nini. Nakumbuka simu ya mwalimu wa zile sweta ililia mara tatu na sikuipokea. Nakumbuka nilikaa, nikasimama, nikamwendea Wachuka nikamweleza kwamba mzee hataki. Aliniambia hakuna anayeweza kumlazimisha. Nikamuuliza kama mtu aliyekaa kwenye viti vya wasikilizaji anaweza kuongea. Akasema si kawaida, utanyamazishwa, labda hakimu mwenyewe aruhusu.

Saa nane tukaingia. Mkalimani alikuwa amepatikana, mama anayeitwa Chelangat, mfanyakazi wa korti hiyo hiyo kutoka ofisi nyingine. Alisimama kando ya kizimba, akamsalimu Baba kwa Kitugen, akamuuliza habari za nyumbani kwa sauti ya chini. Mabega ya Baba yakashuka kidogo.

Kiongozi wa mashtaka akasoma, Chelangat akawa anageuza sentensi moja moja. Kwamba mwenyekiti Kipkemei, akitoka kukamua asubuhi, aliona maji yamepungua, akafuata bomba, akamkuta mshtakiwa akilikata kwa msumeno. Kwamba wawili hao wana ugomvi wa zamani. Kwamba familia arobaini zilikosa maji siku mbili. Picha zikatolewa. Hakimu akaziangalia, akauliza kupitia kwa Chelangat kama maelezo hayo ni ya kweli.

Baba alikuwa anaangalia ubao wa kizimba. Nikaomba Mungu aseme lakini. Neno moja tu.

"Ni kweli," akasema.

Kalamu ya hakimu ikashuka kwenye karatasi, na mimi nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Mheshimiwa, ni mimi." Askari akanijia mbio akinionyesha kiti. Nikasema tena kwamba ni mimi niliyemwambia aseme hivyo, yeye haelewi, haelewi maana yake, mimi ndiye niliyemfundisha ili tumalize haraka.

Nilifikiri nitatolewa nje. Hakimu akamwambia askari aniache. Akauliza mimi ni nani. Nikasema naitwa Winrose Jepkemei, binti yake. Akavua miwani.

"Ulimfundisha aseme ni kweli?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kabla ya kumfundisha, ulimuuliza kilichotokea?"

Nyuma yangu kulikuwa na watu thelathini hivi, wanangoja kesi zao. Chelangat alikuwa ananong'ona kwa Kitugen, anamgeuzia Baba kila neno, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Nilitaka kusema sikupata nafasi. Lakini mzee alilala kwangu. Alikaa kwenye kochi langu akinywa chai, mita mbili kutoka kwenye mashine, jioni nzima.

"Hapana, Mheshimiwa. Sikumuuliza."

Nikasikia Chelangat akiligeuza hilo pia.

Hakimu aliniambia niketi. Akamgeukia Baba, na hakuongea kwa haraka. "Mkalimani, mwambie mzee anisikie vizuri. Mzee, sasa nakuuliza mimi. Lile bomba ulilikata kwa nini?"

Baba akanyoosha koti lake. Akashika ubao kwa mikono miwili, na akaanza kuongea. Sauti yake ilikuwa ile ya kikao, ya chini, isiyo na wasiwasi, na Chelangat ilibidi amsimamishe mara kwa mara ili amfikie. Alisema usiku ule kulikuwa na mvua, na alfajiri akasikia maji yakikimbia mahali ambapo hayakimbii. Akatoka. Akakuta bomba limepasuka urefu wa mkono, na maji yote ya kijiji yanaingia kwenye zizi la ndama. Ndama wa Kipkemei. Ndama wawili, wadogo, wamesimama kwenye maji mpaka magotini.

Hakimu akauliza kwa nini hakumwita Kipkemei. Baba akasema hawasalimiani, na ndama hawana ugomvi na mtu. Akarudi nyumbani akachukua msumeno, akakata ile sehemu iliyopasuka, ili aunganishe na kipande cha mpira wa maji. Alikuwa amekata upande mmoja anaanza wa pili Kipkemei alipofika. Kipkemei alipiga kelele, watu wakaja, hakuna aliyetaka kusikia kitu. Mpira huo alikuja nao jana kutoka Subukia ili akipewa nafasi awaonyeshe watu wakubwa. Lakini aliambiwa hakuna maneno. Mpira sasa uko pale seli, waliuchukua pamoja na mshipi.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa ameacha kuandika. Akazitazama tena zile picha, akaigeuza moja juu chini.

Hakimu akasema alichosema mshtakiwa hakilingani na kukubali kosa, na kwa hivyo analifuta lile jibu na kuandika kwamba amekana mashtaka. Akampa tarehe ya kusikizwa, wiki sita mbele, akamwachilia kwa bondi yake mwenyewe, akaagiza mkalimani awepo siku hiyo. Baba akamnong'oneza Chelangat kitu.

"Anauliza kama siku hiyo ataulizwa tena," Chelangat akasema.

"Ataulizwa," hakimu akajibu. "Na mwambie kwamba Kipkemei atasimama pale, na yeye mzee ana haki ya kumuuliza maswali, na lazima Kipkemei ajibu."

Baba akalifikiria hilo kwa muda. Kisha akainamisha kichwa kwa hakimu, akashuka kizimbani.

Nilimngoja kwenye mlango wa seli akirudishiwa vitu vyake. Kilikuwa kipande cha mpira mweusi, kirefu kama mkono wangu, kimekunjwa na kufungwa kwa uzi wa sisali. Alikiweka kwenye mfuko wa koti. Akaketi kwenye ngazi kufunga kamba za viatu, na mimi nikaketi kando yake, nikamwambia anisamehe. Nikamwambia sasa niko tayari kusikia, aniambie yote tangu mwanzo, sina haraka.

"Yule mama wa miwani ameniuliza kabla yako," akasema.

Hakuwa na hasira. Alisema tu, kama mtu anayesema mvua imenyesha, akaendelea na kiatu cha pili.